Ununuzi wa nyumba iliyokarabatiwa

Nyumba iliyokarabatiwa kwa ajili ya kuuzwa ni nyumba ya zamani, au pagale lililoachwa bila kukamilika, ambalo mtu au kampuni hulinunua kwa bei nafuu, hulitengeneza kwa muda mfupi, kisha huliuza kwa faida. Biashara hii ipo katika nchi nyingi. Nchini Tanzania huonekana zaidi katika miji inayokua haraka kama Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza.

Kwa mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, nyumba ya namna hii ina mvuto: rangi ni mpya, sakafu ina marumaru, dari ni la jipsamu, na familia inaweza kuhamia mara moja. Hata hivyo, ukarabati hugusa zaidi sehemu zinazoonekana. Hasara kubwa kwa kawaida hutoka katika mambo mawili yasiyoonekana, yaani haki ya ardhi iliyo chini ya nyumba, na mifupa ya jengo iliyo nyuma ya lipu. Makala hii inaeleza tahadhari za kuchukua kabla ya kulipa, kwa mifano kutoka mazingira ya Pasiansi mkoani Mwanza.

## Namna biashara inavyofanyika

Mwekezaji hupata faida kutokana na tofauti kati ya bei aliyonunulia pamoja na gharama za matengenezo, na bei anayouzia. Fedha zake zimefungwa ndani ya nyumba mpaka atakapoiuza. Kwa sababu hiyo ana haraka, na huchagua kazi zinazopandisha bei kwa gharama ndogo: rangi, madirisha ya aluminiamu, geti, vigae vya chooni, taa za dari. Kazi ghali ambazo hazionekani, kama kuimarisha msingi, kubadilisha mabomba ya ndani ya ukuta, kutandika nyaya upya au kuchimba shimo jipya la majitaka, hazimvutii mnunuzi anayepita kutazama.

Hii haina maana kwamba kila mwekezaji ni tapeli. Wapo wanaofanya kazi nzuri na kuuza kwa haki. Lakini muuzaji huyu hajaishi ndani ya nyumba. Hawezi kueleza kwa uhakika paa linavuja wapi wakati wa masika, au maji ya bomba hukatika siku gani. Kumuuliza yeye peke yake hakutoshi hata kama ni mkweli.

Sheria nayo inamtaka mnunuzi awe macho. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba (Sura 345), mkataba uliotokana na ulaghai au maelezo yasiyo sahihi unaweza kubatilishwa na upande uliopotoshwa. Hata hivyo, pale ambapo ulaghai ulikuwa wa kunyamaza tu, au maelezo potofu yalitolewa bila nia ya kudanganya, haki hiyo haipo ikiwa aliyepotoshwa angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa maneno mengine, mnunuzi asiyekagua anaweza kupoteza pia nafasi ya kulalamika.

## Mazingira ya Pasiansi

Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kaskazini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, kwenye barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Inajulikana kwa taasisi ya mafunzo ya wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1966. Kama ilivyo sehemu nyingi za Mwanza, eneo hili lina vilima na mawe makubwa, na Ziwa Victoria haliko mbali.

Katika Ilemela vipo viwanja vilivyopimwa tangu awali, na yapo makazi yaliyojengwa kwanza na kupimwa baadaye kupitia mpango wa serikali wa urasimishaji makazi. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kufanana kwa sura lakini zikawa na hadhi tofauti kabisa kisheria. Jambo hili ndilo la kwanza kuchunguzwa.

## Aina za nyaraka za ardhi

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia ardhi hiyo, pamoja na jengo lililopo. Nguvu ya haki hiyo hutegemea nyaraka alizonazo muuzaji:

* Hatimiliki huthibitisha haki iliyotolewa na serikali kwa muda maalumu usiozidi miaka 99 na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mnunuzi anatakiwa kuangalia imebaki miaka mingapi na ardhi imetolewa kwa matumizi gani.
* Barua ya toleo huonyesha kwamba kiwanja kimegawiwa na masharti yake kutajwa. Yenyewe si hatimiliki.
* Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo ambayo hayajapangwa. Ni haki ya muda mfupi inayohitaji kuhuishwa.
* Namba ya kiwanja ya urasimishaji huonyesha kwamba eneo limepangwa na kupimwa. Wapo wakazi waliopimiwa lakini hawakukamilisha malipo, hivyo hawana hati.
* Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu fulani waliuziana. Hausajili wala hauhamishi umiliki wa ardhi iliyosajiliwa.

Nyumba isiyo na hati inaweza kununuliwa kihalali, lakini bei yake inapaswa kuwa ya nyumba isiyo na hati. Muuzaji anayesema "hati inashughulikiwa" anauza ahadi. Ni vizuri ahadi hiyo ipewe tarehe ndani ya mkataba, na sehemu ya malipo isubiri mpaka itimizwe.

## Kumtambua mwenye haki ya kuuza

Katika nyumba zilizokarabatiwa, tatizo la pekee ni kwamba jina lililo kwenye hati mara nyingi si la mwekezaji. Alinunua kwa mkataba, akakarabati, na hakuhamisha umiliki, kwa kuwa uhamisho mmoja una kodi na ushuru, na uhamisho wa pili una vingine. Anataka hati itoke moja kwa moja kwa mmiliki wa zamani kwenda kwa mnunuzi mpya. Wakati mwingine hutumia hati ya uwakilishi aliyopewa na mmiliki huyo.

Utaratibu huu una hatari. Uwakilishi wa kawaida hukoma mwenye mali anapofariki, na baada ya hapo warithi wanaweza kudai nyumba. Mwenye mali akibadili mawazo au akigombana na mwekezaji kuhusu malipo yaliyobaki, mnunuzi mpya hujikuta katikati ya ugomvi asioujua. Njia salama zaidi ni mwekezaji ahamishe kwanza umiliki kwa jina lake. Ikishindikana, mwenye hati mwenyewe aonwe ana kwa ana, kitambulisho chake kilinganishwe na hati, naye atie saini mkataba pamoja na mwekezaji.

Mambo mengine ya kuthibitisha ni haya:

* Mwenzi wa ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo ipatikane kwa maandishi, hata kama mwenzi hatajwi kwenye hati. Ikiwa mwekezaji alinunua kutoka kwa familia, inafaa kuona kama ridhaa ilitolewa wakati ule.
* Mirathi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nakala ya uteuzi ipelekwe kwenye mahakama husika ili ithibitishwe. Warithi wengine nao waulizwe.
* Mnada. Baadhi ya nyumba hutoka kwenye minada ya mikopo ya benki. Nyaraka za mnada zinahitajika, na ni muhimu kujua kama mdaiwa amefungua kesi.
* Nyumba za serikali zilizouzwa kwa watumishi. Nyumba hizi zilikuwa na masharti ya kutouzwa tena kabla ya muda maalumu. Masharti hayo yasomwe.
* Uraia. Asiye raia wa Tanzania hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Muuzaji ambaye ni mgeni, au kampuni ya wageni, aonyeshe msingi wa haki yake.

## Upekuzi

Upekuzi ni ombi rasmi la kupata taarifa za kiwanja kutoka kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, hivyo mnunuzi wa Pasiansi hana haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam wala Dodoma. Majibu huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu anayedai haki.

Upekuzi ufanywe na mnunuzi au wakili wake. Karatasi iliyoletwa na muuzaji au dalali haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Pia majibu ya miezi mitatu iliyopita hayaonyeshi rehani iliyowekwa wiki iliyopita, kwa hiyo upekuzi hurudiwa siku chache kabla ya malipo makubwa.

Kwa nyumba ambayo haijasajiliwa, uchunguzi hufanyika kwa njia nyingine. Mikataba yote ya nyuma hufuatiliwa mpaka kwa mmiliki wa kwanza. Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe na majirani wa pande zote huulizwa. Idara ya ardhi ya halmashauri huonyesha mchoro wa mipango miji, kwa sababu eneo linaweza kuwa limepangwa kuwa barabara, shule au uwanja wa wazi.

## Mipaka, barabara na ufuko

Mnunuzi anapaswa kuziona alama za mipaka ardhini akiwa na mpimaji, na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Ukuta mpya wa uzio si ushahidi wa mpaka. Unaweza kuwa umeingia kwa jirani au kwenye njia ya mtaa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba zilizomo ndani ya hifadhi huwekewa alama ya X. Rangi mpya inaweza kuifuta alama hiyo ukutani, lakini haiifuti katika kumbukumbu za wakala wa barabara. Kwa nyumba iliyo karibu na barabara, ni vyema kuuliza TANROADS au TARURA, kulingana na anayeihudumia barabara hiyo.

Karibu na ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana na kuingia katika makazi ya ufukweni katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Nyumba iliyokumbwa na maji hayo inaweza kukaushwa na kupakwa rangi, huku sehemu ya chini ya kuta ikibaki imedhoofika.

## Uchunguzi wa jengo

Ukaguzi ufanywe na mhandisi au fundi mwenye uzoefu anayelipwa na mnunuzi, asiye na uhusiano na waliokarabati. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa na kujenga upya. Sehemu muhimu ni hizi:

* Msingi na mteremko. Kwenye vilima vya Mwanza nyumba nyingi zimekaa kwenye mawe upande mmoja na udongo wa kujazia upande mwingine. Upande wa udongo unaweza kushuka na kuleta nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha. Nyufa zilizozibwa hurudi. Ukuta wa kuzuia udongo uangaliwe kama umeegama na kama una matundu ya kutolea maji.
* Maji ya mvua. Nyumba itazamwe wakati wa mvua, au saa chache baadaye. Majirani waulizwe maji hupita wapi.
* Unyevu. Rangi inayovimba, chumvi nyeupe chini ya kuta na harufu ya uvundo ni dalili za unyevu. Ukuta uliofunikwa kwa vigae chumbani au ukumbini bila sababu unastahili swali.
* Paa. Dari jipya huficha kenchi za zamani. Mkaguzi apande juu ya dari kuangalia mchwa, mbao zilizooza na mabati yenye kutu. Baadhi ya nyumba za zamani zina paa la asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani, na kuliondoa kunahitaji wataalamu.
* Umeme. Soketi mpya hazimaanishi nyaya mpya. Fundi mwenye leseni ya EWURA apime mfumo na kuandika ripoti.
* Maji na majitaka. Mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja. Shimo la majitaka lifunguliwe na kutazamwa. Mahali penye mwamba huwa vigumu kuchimba, hivyo shimo linaweza kuwa fupi mno kwa familia.
* Nyongeza za jengo. Chumba kilichoongezwa au ghorofa iliyopandishwa juu ya msingi wa nyumba ya chini ni hatari. Mnunuzi aombe kibali cha ujenzi kutoka Manispaa na michoro iliyoidhinishwa.

Picha za nyumba kabla ya ukarabati, pamoja na risiti za vifaa, husaidia kujua kilichofanyika. Mwekezaji aliyefanya kazi nzuri huwa nazo.

## Bei, kodi na gharama nyingine

Bei ya nyumba ilinganishwe na nyumba nyingine za eneo hilohilo zilizouzwa karibuni. Mthamini aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, anaweza kutoa makadirio yasiyoegemea upande wowote. Dalali hulipwa pale biashara inapokamilika, hivyo si mshauri wa mnunuzi.

Mbali na bei, zipo gharama za kisheria. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, nayo ni wajibu wa muuzaji. Kwa mfano, mwekezaji akinunua nyumba kwa shilingi milioni 50, akatumia milioni 15 kuikarabati na kuiuza kwa milioni 80, faida yake ni milioni 15 na kodi ni milioni 1.5. Gharama zake zinahitaji kuthibitishwa kwa nyaraka. Ushuru wa stempu katika mfano huu ni shilingi 800,000.

Msajili hasajili uhamisho bila uthibitisho kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Muuzaji akishapokea fedha zote na kuondoka bila kulipa, uhamisho hukwama na mara nyingi mnunuzi hulazimika kulipa deni lisilo lake. Kuandika bei ya chini katika mkataba ili kukwepa kodi ni kosa, na pia humuumiza mnunuzi: mgogoro ukitokea, ushahidi wake ni wa bei ile ndogo, na siku atakapouza, faida yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Madeni ya zamani nayo yachunguzwe: kodi ya pango la ardhi, bili ya maji ya MWAUWASA, na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU.

## Mkataba na malipo

Mkataba wa kuhamisha ardhi lazima uwe wa maandishi. Inafaa uandaliwe na wakili wa mnunuzi, wala si wakili wa muuzaji anayehudumia pande zote mbili. Mambo ya kuingizwa ni pamoja na:

1. Majina kamili ya wahusika, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa na namba ya hati.
2. Bei halisi na ratiba ya malipo.
3. Nani analipa kodi na ada ipi.
4. Orodha ya kazi zilizofanyika katika ukarabati, na kasoro ambazo muuzaji anazifahamu.
5. Kipindi ambacho muuzaji atatengeneza kasoro zitakazojitokeza, ikiwezekana kipite msimu mmoja wa mvua.
6. Tarehe ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu, kama kuna wapangaji.
7. Fedha zitakazorudishwa endapo uhamisho utashindikana.

Malipo hufanywa kwa awamu kupitia benki, kwa akaunti ya aliyetajwa kwenye mkataba. Awamu ya mwisho hubaki mpaka uhamisho usajiliwe, ama fedha huwekwa kwa wakili kwa makubaliano ya maandishi. Maneno kama "yupo mteja mwingine anakuja jioni" ni ya kawaida katika biashara hii. Kianzio kilicholipwa kwa haraka, kabla ya upekuzi, huwa vigumu kurudishwa.

Anayenunua kwa mkopo hunufaika na uchunguzi wa benki. Lakini benki huchunguza ili kulinda fedha zake, na haimwambii mteja kama msingi umepasuka.

## Mgogoro ukitokea

Hatua ya kwanza ni kumwandikia muuzaji na kuhifadhi nakala, picha na ujumbe wa simu. Mnunuzi mwenye madai katika ardhi iliyosajiliwa anaweza kuomba zuio kwa Msajili ili nyumba isiuzwe kwa mwingine. Baraza la Kata hupatanisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani. Kughushi hati ni jinai na huripotiwa polisi. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na wa madai ya mkataba ni miaka 6. Wasio na uwezo wanaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

## Katika nchi nyingine

Nchini Marekani, ambako biashara ya kununua, kukarabati na kuuza nyumba ni kubwa, shirika la serikali la FHA lilianzisha mwaka 2003 kanuni ya kutodhamini, kwa kawaida, mkopo wa nyumba inayouzwa tena ndani ya siku 90 tangu muuzaji aipate. Lengo ni kuzuia bei kupandishwa kwa ukarabati wa juujuu.

Uchumi na sheria za Marekani ni tofauti na za Tanzania, lakini kanuni hiyo inampa mnunuzi wa Pasiansi swali muhimu la kumuuliza mwekezaji: aliinunua nyumba lini, kutoka kwa nani, na ni nini hasa kilichofanyika tangu siku hiyo?